Hiyo 250 Kwenye Mashine ya Kuweldi Si Yako, Soma Kibandiko cha Nyuma

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusipotezeane muda. Ukiona mashine ya kuweldi ya waya imeandikwa 250 kwa maandishi makubwa mekundu, halafu kebo yake inaishia kwa plagi ya kawaida ya pini tatu, ile ile ya pasi na birika, mmoja kati ya hao wawili anadanganya. Na plagi haijui kudanganya.

Watu wamenijazia simu na swali moja: ninunue mashine gani ya waya ya bei nafuu ya kutumia nyumbani? Si watu wa kampuni hawa. Ni msee anataka kutengeneza vizimba vya kuku vya mamake. Ni dada amechoka kulipia grili za dirisha bei ya kuumiza na anataka kujifunza mwenyewe. Ni kijana amepokea zamu yake ya chama, elfu 30, na anataka hiyo pesa izae. Halafu wanaenda mtandaoni wanakuta ndugu zangu wa kutengeneza video wamepewa mashine ya bure, wameunganisha vipande viwili vya chuma, wakasema "hii ni moto wa kuotea mbali", wakatoa kodi ya punguzo, wakalala. Hakuna aliyegeuza mashine kuangalia nyuma. Hiyo inaniudhi kwa sababu pesa ya chama hairudi mara mbili kwa mwaka mmoja.

Mimi silipwi na duka lolote kwa hii, na sitataja kampuni. Majina yanabadilika kila msimu. Hesabu haibadiliki.

Niliacha uni mwaka wa pili, lakini hapa digrii haihitajiki. Ni ile fizikia ya sekondari: volti mara ampea ni wati. Stima yetu Kenya ni volti 240. Fyuzi ndani ya plagi ni ya ampea 13. 240 mara 13 ni wati 3,120. Hiyo ndiyo yote soketi inaweza kukupa kwa amani, hata uiombe vipi.

Sasa njoo upande wa moto. Mashine za waya hupimwa kwa kanuni moja inayojulikana dunia nzima: chukua ampea, zidisha na 0.05, ongeza 14, unapata volti za kuchomea. Kwa ampea 250 inakuja volti 26.5. Zidisha na 250, unapata wati 6,625. Soketi inatoa 3,120. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, na bado hatujahesabu kile mashine yenyewe inapoteza kama joto tumboni mwake.

Kama hesabu inakuchosha, ingia bafuni. Ile shawa ya moto ya papo hapo, nyingi huanzia wati 3,500 hadi 5,500. Ushawahi kuona imechomekwa kwa soketi ya 13? Haiwezekani. Ina kebo yake nene na swichi yake kubwa ukutani, na fundi alilipwa kuivutia laini yake peke yake. Sasa mtu anakuambia kaboksi ka kubeba kwa mkono mmoja katatoa nguvu kushinda shawa, kupitia plagi ya birika. Ukikubali hiyo, kuna mtu pia anauza Uhuru Park, nitakupa namba.

Kwa hivyo soketi ya nyumbani inakupa ampea ngapi za kweli? Inverta ya bei rahisi hupoteza kama asilimia 15 ndani, na pia huvuta stima kwa mikupuo badala ya kuvuta polepole, kwa hivyo waya za ukutani zinabeba ampea nyingi kuliko vile wati zinaonyesha. Ukiweka hizo zote pamoja unaangukia kama ampea 100 za kuchomea, hapo hapo. Kwa muda mfupi unaweza kupanda zaidi, kwa sababu fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo. Lakini kile kinachochelewa kukatika ndicho kinachoyeyusha soketi.

Na hapa ndipo nataka unisikize vizuri: 100 inatosha. Manze, inatosha kabisa. Kanuni ya haraka ya mafundi ni kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene wa chuma. Tyubu za mraba za geji 16, zile za geti la kawaida, ni milimita 1.6. Hiyo ni ampea 64. Geji 18 ya vizimba na stendi ndogo ni milimita 1.2, sema ampea 48. Hata chuma cha milimita 3 kinataka kama 120, na hapo unaweka moto kwa vipande vifupi unapumzika. Mtu wa nyumbani anayenunua 250 ni kama mtu wa bodaboda anayenunua injini ya lori. Akifika kwa barabara ya mtaa bado ataenda mwendo wa bodaboda.

Sasa hiyo mashine, igeuze. Nyuma au chini kuna kibandiko chenye jedwali dogo. Wengi hudhani ni urembo. Tafuta herufi X. Hiyo ni asilimia ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kuwaka bila kujichoma. Chini yake kuna I2, ampea inazotoa kwa hiyo asilimia. Sema kimeandikwa X 20%, I2 140. X 60%, I2 80. X 100%, I2 62. Maana yake ukiweka 140 utachoma dakika 2 na upumzike 8. Ukiweka 80 utachoma dakika 6 upumzike 4. Ukiweka 62 unaweza kuchoma hadi jioni. Kwa hivyo hii mashine ni ya 62, na 140 ni ya kujionyesha kidogo. Hakuna ubaya. Kwa geti la nyumbani unachoma sekunde chache, unainama, unapima, unapiga nyundo, unasogeza klampu, mashine imeshapumzika kabla hujauliza.

Kuna namna ya kujua kama kibandiko chenyewe kimetungwa. Chukua ampea, zidisha zenyewe kwa zenyewe, halafu zidisha na asilimia. 140 mara 140 mara 0.2 ni 3,920. 80 mara 80 mara 0.6 ni 3,840. 62 mara 62 ni 3,844. Zinakaribiana, kwa hivyo aliyeandika alipima kitu, ama angalau anajua kazi yake. Ukikuta X 60%, I2 250 na X 100%, I2 240 kwa mashine ya kilo sita, rudisha kwa rafu taratibu.

Herufi ya mwisho ya kutafuta ni I1eff. Hiyo ndiyo stima mashine inavuta kutoka ukutani kwa wastani wa kazi. Ikiwa 13 ama chini, soketi yako inaiweza. Ikiwa 22, hiyo mashine inataka laini yake, na hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Si yule jamaa wa ploti anayekata plagi na kuchomeka waya mbili uchi kwa mita. Kama kibandiko hakina I1eff, hakina X, kina tu "250A" na picha ya radi, umeshapata jibu.

Binamu yangu wa Nakuru alinitumia picha ya moja ya hizo wiki jana, na nikamuuliza swali moja tu: huko kwenu plotini mko nyumba ngapi kwa laini moja? Akasema sita. Nikamwambia basi usinunue mashine, nunua majirani wapya, kwa sababu hao wa sasa watakufukuza breka ikiruka mara ya tatu watoto wakifanya homuwaki.

Hapo nimemaliza na stima ya ukutani, lakini kuna kitu kingine kinachoua hizi mashine za bei nafuu, na hakuna video inayokionyesha. Ni polariti. Waya ni wa aina mbili. Kuna waya mtupu, chuma tupu, unaotaka gesi ya kuufunika wakati unachoma. Kisha kuna waya wenye unga ndani, ambao unajitengenezea moshi wake wa kujifunika, hautaki gesi. Waya mtupu unataka tochi iwe upande wa chanya. Waya wa unga usiotumia gesi unataka tochi iwe upande wa hasi. Ukifungua mlango wa pembeni wa mashine nzuri utaona nati mbili ama plagi fupi ya kubadilisha hiyo. Mashine nyingine hazina. Zimefungwa upande mmoja, na ukiweka waya wa upande wa pili unapata kitu kinachoruka kama bisi kwa sufuria, weldi imekaa juu ya chuma kama kinyesi cha njiwa, haijaingia ndani. Halafu mtu anasema waya hauna nguvu, anarudi kwa rodi. Waya hauna shida. Umewekwa kinyume.

Kwa nyumbani Kenya, msimamo wangu ni huu: nunua mashine inayoweza zote mbili na ile ya rodi pia, lakini panga maisha yako na waya wa unga. Gesi ni tamu, sikatai. Weldi inatoka safi, haina gamba la kupigwa nyundo, na kwa bati jembamba kama la mwili wa gari hakuna kinachoishinda. Lakini gesi ni silinda, regyuleta, amana ya silinda na safari ya kujaza, na unaweldi nje, kwa uwanja, ambapo upepo wa saa nane mchana unaipeperusha yote na weldi inabaki na matundu kama sponji. Waya wa unga unavumilia upepo. Unarusha cheche zaidi na una moshi zaidi, na chini ya milimita 1.2 unahitaji mkono mwepesi usitoboe. Bado ni bora kuliko silinda tupu imeegemea ukuta tangu Krismasi.

Ukienda kuuliza waya, uliza 0.8 ama 0.9 ya bila gesi. Kwa boksi utaona E71T-GS ama E71T-11. Ya kwanza ni ya kupita mara moja, sawa kwa chuma chembamba. Ya pili inakubali kupita juu ya weldi nyingine. Waya mtupu wa gesi huandikwa ER70S-6, na ukiuchoma bila gesi utalia. Na uliza bei ya waya kabla ya kuuliza bei ya mashine. Piga simu maduka matatu ya mji wako. Kama unaishi Lodwar ama Kitui na waya unaletwa na basi kutoka Nairobi, hiyo ni gharama ya mashine pia, ni vile tu haijaandikwa kwa boksi. Watu wa Mombasa na Kilifi, waya wa unga hauelewani na hewa ya chumvi. Ukimaliza kazi utoe, ufunge kwa nailoni, uweke ndani. Usiuache ndani ya mashine wiki mbili ukutane na kutu.

Angalia pia roli inayoingia. Mashine ndogo sana hula roli ya kilo 1 peke yake. Kilo kwa kilo, roli ndogo ndiyo ghali. Inayobeba ya kilo 5 inajilipa polepole. Kisha rola inayosukuma waya: ya waya wa unga inafaa iwe na meno madogo, kwa sababu huo waya ni laini, ukiubana sana kwa rola isiyo na meno unaupondaponda, unakwama ndani ya tochi, na jioni yako imeisha. Tochi yenyewe, ningependa iwe ya kuchomoka. Kwa bei ya chini nyingi zimefungwa moja kwa moja, na unaweza kuishi nayo, lakini ikifa utafungua mashine nzima.

Najua wazee wa Kariobangi Light Industries wanasoma hii wakicheka. Rodi ndiyo mashine, kijana. Rodi inaunganisha hata chuma chenye kutu, inverta yake ni rahisi, rodi zinauzwa hadi kwa duka la misumari. Wana haki, na kwa mtu wa kuunganisha vyuma vinene shambani mimi mwenyewe ningemwambia anunue ya rodi aache mchezo. Lakini tuseme ukweli kuhusu anayeanza. Rodi inapungua urefu mkononi mwako huku unajaribu kuweka umbali ule ule, inakwama, unaivuta, inakwama tena, na kwa tyubu ya geji 18 umetoboa shimo la kupitisha panya. Kwa waya, mota inasukuma yenyewe. Mkono wako una kazi moja, kutembea. Marekani walianza kuchoma hivi 1948, na haikuwa kwa sababu walikuwa wavivu. Mtu mwenye wikendi mbili za mazoezi anaweza kutoa kizimba cha kuku kinachosimama. Kwa rodi, wikendi mbili utakuwa umejua tu kuwasha.

Shags ni hadithi nyingine. Nyumba ikiwa mwisho wa laini, jioni watu wakipika na kuwasha televisheni, 240 inashuka hadi huko 190, na inverta inavuta ampea zaidi kujaza pengo. Choma asubuhi. Na ile ekstensheni nyembamba ya mita 30 uliyonunua ya sherehe, iache kwa sherehe. Waya mwembamba unakula volti njiani na unapata joto, zaidi ukiuacha umekunjwa kwa roli yake. Nunua mita chache za kebo ya milimita za mraba 2.5, weka plagi nzuri, na uwe karibu na soketi.

Tokeni ndizo watu huogopa zaidi, na ndizo zisizo na shida. Ukichoma kwa ampea 80, mashine inavuta kama kilowati 1.7. Nusu saa ya moto wenyewe, si nusu saa ya kupima na kukuna kichwa, haifiki uniti moja. Geti dogo halifiki nusu saa ya moto. Yule anayeoga maji ya moto dakika 15 anakuzidi.

Sasa ile elfu 30 ya chama. Usiimalize yote kwa mashine. Weka kando ya helmeti inayojigeuza giza yenyewe, glavu za ngozi, nyundo ya gamba, brashi ya waya, klampu na grainda kama huna. Tunajua vile mafundi wetu wengi huweldi na miwani ya jua. Miwani ya jua si kinga ya huo moto. Usiku macho yanahisi yamejaa mchanga, mtu anaambiwa aweke viazi, anaweka viazi. Mwanga wa kuweldi unataka giza la namba 10 kwenda juu. Nguo za polista zinayeyuka ngozini, kwa hivyo vaa pamba nzito, ama nenda Gikomba utafute koti la ngozi la mtumba, hakuna anayekuangalia mitindo ukiwa umeinama chini ya geti.

Na moshi. Waya wa unga una moshi mwingi, na 2017 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa kuweldi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mabati na tyubu zinazong'aa zimepakwa zinki. Zinki inachemka kwa nyuzi 907, chuma kinayeyuka kwa karibu 1,500, kwa hivyo kabla chuma hakijayeyuka zinki imeshakuwa moshi mweupe unaouvuta. Jioni unatetemeka kama mtu wa malaria. Maziwa hayaoshi mapafu, yanaenda tumboni. Saga hiyo zinki kwanza sehemu unayochoma, fanya kazi nje, simama upande upepo unatoka. Wewe wa bedsita, pole, hii si kazi ya ndani, na mtungi wa gesi ya kupikia uko mita moja kutoka kwa cheche.

Ukienda dukani, beba vipande vyako vya geji 16 kwa begi. Mwambie muuzaji aichomeke kwa soketi ya kawaida ya duka, si ile laini nene ya nyuma ya kaunta, aweke waya wa unga, abadilishe polariti mbele yako, achome sentimita kumi. Kisha igeuze hiyo tyubu uangalie upande wa pili kama joto limepita. Piga nyundo. Kuna wenye maduka watafurahi kukuonyesha, na kuna mmoja aliniambia mashine ikifunguliwa boksi ni lazima niinunue. Nikamshukuru, nikaenda duka la tatu kutoka hapo, ambapo kijana wa rika langu alikuwa tayari ameigeuza mashine na kuweka kidole chake kwa I1eff kabla sijauliza.